Kivuli Kinakwenda Wapi Saa Kumi? Somo la Ujenzi wa Vibanda vya Abiria



Kama umepata kupita kando ya barabara alasiri ya mwezi wa Februari, huenda umeshuhudia jambo ambalo mwandishi wa somo hili amelishuhudia mara nyingi. Kibanda cha abiria kimesimama kando ya lami, paa lake zima, benchi lake imara, rangi yake ingali inang'aa, na ndani yake hamna mtu hata mmoja. Abiria wote wako nyuma ya kibanda. Wamejibana katika utepe wa kivuli ulio kati ya ukuta na mtaro, wengine mguu mmoja umo ukingoni mwa mtaro wenyewe. Daladala inapotokea, hulizunguka banda mbio ili wawahi mlango. Vijana huwahi. Mama mjamzito na mzee wa mkongojo hufika wakati viti vimekwisha.

Si kwamba abiria wale hawakuelewa matumizi ya kibanda. Walifuata kivuli, na kivuli hakikuwa ndani. Fedha ya umma imetumika, saruji imekauka, na huduma haipo. Kosa lilianzia kwenye mchoro, na kosa la mchoro ni rahisi kulizuia kabla ya msingi kuchimbwa kuliko baada yake. Ndiyo sababu ya somo hili kuletwa kwa wananchi na si kwa mafundi peke yao: anayekijua kituo ni yule anayesimama hapo kila siku.

Saa zetu na mwendo wa jua

Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tumerithi kipimo kizuri, ingawa hatukitumii. Kwa nchi zilizo karibu na Ikweta, jua hupanda takriban nyuzi 15 za pembe kwa kila saa moja. Saa tatu asubuhi jua liko nyuzi 45, yaani nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Saa sita liko juu ya vichwa. Saa tisa limerudi nyuzi 45, saa kumi liko nyuzi 30, na saa kumi na moja limebakiwa na nyuzi 15 tu. Hesabu hii hukaribia ukweli zaidi katika miezi ya Machi, Septemba na Oktoba. Isitoshe, saa ya mkononi hutangulia saa ya jua kidogo: majira ya Afrika Mashariki yamepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 Mashariki, nasi wa mwambao wa Dar es Salaam tuko karibu na nyuzi 39, hivyo jua letu huchelewa kwa wastani wa dakika 23. Kwa kazi ya kupanga kibanda, tofauti hiyo haiharibu kitu.

Sasa tulipime paa. Chukua paa lenye kimo cha mita 2.5. Saa tisa alasiri ukingo wake hutupa kivuli chake ardhini umbali wa mita 2.5 kutoka pale ulipo. Saa kumi umbali huo hufika mita 4.3. Saa kumi na moja hupita mita 9. Paa la kawaida la kibanda lina upana wa mita moja na nusu hadi mbili. Msomaji ataona mwenyewe: saa kumi, kivuli chote cha paa kimekwisha kutoka nje ya kibanda na kuangukia nyuma.

Tuchukue barabara inayokwenda kaskazini na kusini, na kibanda kilicho upande wake wa mashariki. Uso wa kibanda unatazama magharibi. Asubuhi abiria hukaa raha, kwa kuwa jua linatoka mgongoni na ukuta wa nyuma unawakinga. Alasiri jua linatoka ng'ambo ya barabara na kuingia moja kwa moja chini ya paa. Abiria aliyeketi, kichwa chake kikiwa mita 1.2 kutoka sakafuni na mita 1.4 kutoka ukingo wa mbele wa paa, saa tisa atakuwa amekingwa kichwa tu, huku kifua na miguu vikiwa juani. Saa kumi hakuna sehemu ya mwili wake iliyokingwa. Wakati huohuo ukuta wa nyuma, ambao haumsaidii kitu aliye ndani, unatupa kivuli kizuri cha mita nne upande wa pili, na huko ndiko tulikowakuta wenzetu.

Kibanda cha ng'ambo, kinachotazama mashariki, kina shida hiyohiyo iliyogeuzwa: kinaunguza asubuhi na kufaa alasiri. Hapa ndipo lilipo kosa linalorudiwa kuliko yote, nalo ni kujenga vibanda viwili vya mchoro mmoja pande mbili za barabara, kana kwamba jua hutoka pande zote.

Dawa yake ni kulipa kila jua kizuizi chake. Kwa kibanda kinachotazama magharibi, weka mbele ya benchi kiambaza chepesi cha mbao zilizosimama wima, kisichofunika urefu wote, ili abiria watoke kwa nafasi kila mwisho. Mbao hizo zipindwe kidogo kama zilivyo mbao za dirisha la luva. Sisi tunaendesha kushoto. Kwa hiyo mtu anayeitazama barabara kutoka kituoni huliona gari lake likija kutoka mkono wa kuume. Mbao zikipindwa kufungua kuume, abiria ataliona gari na jua la mbele litazuiwa. Na katika mfano wetu kuna bahati njema: katika miezi yetu ya joto kali, Desemba hadi Februari, jua huzama upande wa kusini ya magharibi, yaani kushoto kwa abiria huyo, mahali ambapo mbao zimefunga.

Barabara ikienda mashariki na magharibi, kazi huwa nyepesi zaidi. Jua la asubuhi na la jioni huingia kwa mbavuni, basi funga mbavu mbili na uache nyuma wazi. Jua la adhuhuri halisumbui sana: katika Juni huelekea kaskazini kama nyuzi 30 kutoka utosini, na katika Desemba huelekea kusini nyuzi 17 hivi. Paa lililotokeza vizuri humaliza kazi hiyo.

Joto lisiloonekana

Mtu aweza kukaa kivulini na bado akaungua. Hili huwashangaza wengi, lakini aliyewahi kulala katika chumba cha bati bila dari analijua kwa mwili wake. Bati lililopata kutu au kupakwa rangi nyeusi, likikaa juani mchana kutwa, laweza kupita nyuzijoto 60. Kitu chenye joto la namna hiyo humiminia joto lolote lililo chini yake, kama vile jiko la mkaa linavyokufikia usoni bila wewe kuligusa. Hivyo hewa ya kituoni yaweza kuwa na nyuzijoto 32, kiasi ambacho mtu huvumilia, lakini utosi wa abiria unapokea joto la bati na miguu yake inapokea joto la lami.

Hewa ya kibanda kilicho wazi haitakuwa ya baridi kuliko hewa ya nje, na asije mtu akawaahidi wananchi vinginevyo. Kinachoweza kupunguzwa ni jua la moja kwa moja, ni joto la paa, na ni utuli wa hewa. Mambo hayo matatu yakirekebishwa, abiria huhisi tofauti kubwa japo kipimajoto hakijasogea.

Kwa paa, njia ya bei ndogo ni weupe. Rangi nyeupe safi au chokaa hurudisha zaidi ya nusu ya mwanga wa jua kabla haujageuka joto. Katika mji wa Ahmedabad huko India, ambao tangu mwaka 2013 una mpango wake wa kukabiliana na joto kali, mapaa ya nyumba za wanyonge yamekuwa yakipakwa rangi nyeupe kwa sababu hiyohiyo. Weupe una adui mmoja tu, nao ni vumbi. Paa lisilooshwa na kupakwa upya hurudia tabia yake ya zamani, kwa hiyo bajeti ya kibanda iwe na fungu la kopo la rangi kila mwaka, kabla ya kiangazi.

Njia bora zaidi ni paa la tabaka mbili: bati juu, na chini yake dari ya mbao au mianzi, katikati kukiwa na nafasi ya sentimita 10 hadi 15 iliyoachwa wazi pande mbili ili upepo upite. Joto la bati huchukuliwa na upepo huo kabla halijamfikia mtu. Makuti nayo ni kinga njema, na wazee wetu hawakuyachagua kwa ujinga. Ila kando ya barabara, penye vichungi vya sigara na wachoma mahindi, hofu ya moto haina budi kufikiriwa, na kuezeka upya kila baada ya miaka michache kunataka mtu wa kulifuatilia.

Paa lisilofaa hata kidogo ni la plastiki inayopitisha mwanga, na ukuta wa kioo. Vitu hivi hupendeza katika picha, na pengine vimetoka katika nchi ambazo abiria hulitafuta jua ili apate joto. Kwetu ni tanuri.

Upepo ni mali

Katika pwani yetu jasho halikauki kwa urahisi, kwa kuwa hewa imekwisha kujaa unyevu. Kinachokausha jasho ni upepo. Upepo wa mita moja kwa sekunde, ambao ni sawa na mwendo wa mtu atembeaye taratibu, humfanya mtu ahisi kana kwamba joto limeshuka nyuzi 2 hadi 3. Hakuna feni inayouza faraja hiyo kwa bei ya sifuri.

Upepo huo tunao, na majina yake tunayajua. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa joto kuu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Ukuta mzima wa nyuma, hasa katika kibanda kinachotazama magharibi, huwafungia nje kaskazi na kusi kwa pamoja. Ukijengwa kwa matofali yenye matundu, hukinga jua la asubuhi kwa kiasi cha kutosha na kupitisha upepo mchana kutwa. Watu wa miji ya kale ya Lamu na Unguja waliyajua haya. Vichochoro vyao vyembamba hutiana kivuli, na baraza za mawe zilizo nje ya milango hukalika hata jua likiwa kali kwa kuwa jiwe lililokaa kivulini hubaki na ubaridi wa usiku. Benchi la zege au la mbao, likiwekwa kivulini, hufuata desturi hiyo. Benchi la chuma likiachwa juani saa moja, mtoto wa shule mwenye kaptura atakueleza lilivyo.

Kuhusu mtoto wa shule, neno moja zaidi. Mwanafunzi hulipa nauli pungufu, na sote tumeona magari yakimpita akiwa amenyoosha mkono. Matokeo yake ni kwamba, katika kituo hichohicho, mwanafunzi husubiri muda mrefu kuliko mtu mzima. Yeye ndiye mtumiaji mkuu wa kibanda, na kimo cha benchi, pamoja na upana wa kivuli cha saa saba hadi saa kumi, vipimwe kwake.

Kipimo cha pwani hakifai kunakiliwa kila mahali. Dodoma, kwa mfano, kiangazi ni kikavu; huko hata pazia la mkeka uliolowanishwa huipoza hewa inayopita, kwa sababu maji hukauka haraka na kuondoka na joto. Mkeka huohuo pwani huongeza unyevu tu. Huko Dubai wamejenga vibanda vilivyofungwa vyenye viyoyozi. Joto lao linawalazimisha, na umeme wao unawaruhusu. Lakini chumba chenye kiyoyozi kinataka mlango uliofungwa, fundi aliye karibu na bili isiyokoma. Kibanda cha kata kinachotegemea kiyoyozi kitakuwa boksi la moto siku ya kwanza umeme utakapokatika.

Mvua, maji na mti

Mvua ya masika haishuki wima. Ikisukumwa na upepo kwa pembe ya nyuzi 45, huingia chini ya paa la mita 2.5 umbali wa mita 2.5 vilevile. Paa lishushwe hadi mita 2.3 kwa upande wa nyuma, na mbavu ya upande unaotoka mvua ijengwe imara zaidi. Wakazi wa mtaa husika wataonyesha ni upande upi bila kuhitaji kifaa. Ukingo wa mbele uwe nyuma ya kingo ya barabara kwa nusu mita au zaidi, vioo vya magari visije vikaung'oa. Sakafu inyanyuliwe sentimita 15 kutoka usawa wa barabara, iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, pamoja na njia ya kupandishia kiti cha magurudumu. Mtaro upite nyuma ukiwa umefunikwa.

Maji ya paa yana faida yake. Paa la mita za mraba 12 hukusanya lita 12 kwa kila milimita ya mvua. Mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, hata tukitoa moja ya tano kwa upotevu, hubaki lita 9,600. Hayo yanatosha kuukuza mti mpaka ujitegemee.

Na mti ndio sehemu ya kibanda ambayo bei yake ni ndogo na thamani yake hupanda kila mwaka. Jani hukinga jua bila kugeuka jiko, kwa kuwa hujipoza lenyewe kwa kutoa maji. Mwarobaini huvumilia ukame na vumbi. Mkungu hutandaza matawi kama mwavuli juu ya mwavuli. Ile miti mirefu myembamba inayopandwa mbele ya maofisi ni pambo zuri, lakini kivuli chake ni cha mtu mmoja aliyesimama kiubavu. Mti upandwe upande wa jua baya la kituo hicho, nyuma ya upeo ambao dereva na abiria wanahitaji kuonana.

Taa ya usiku

Kwa nishati, kibanda kilichopangwa vizuri mchana hakihitaji chochote. Usiku kinahitaji taa, na hapa hesabu ni fupi. Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 12 hutumia wati-saa 120. Ikiwaka kwa nguvu yote tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, kisha ikapunguzwa hadi wati 3 mpaka alfajiri, hutumia wati-saa 64 tu, karibu nusu. Paneli ya sola ya wati 50, ikipata jua kamili la saa nne kwa siku na tukitoa asilimia 30 kwa upotevu, hutoa wati-saa 140. Kwa hiyo paneli moja ndogo yatosha na kusaza kwa siku za mawingu. Kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, paneli itazame kaskazini, ikiinama nyuzi 10 hivi ili mvua iioshe. Betri iwekwe juu ya nguzo ndani ya kizimba cha chuma. Betri iliyowekwa chini ya benchi ina mwenyewe mwingine kabla ya mwezi kwisha.

Taa imulike nyuso na sakafu, na kuta ziwe zenye kupenyeka kwa macho. Mwanamke anayerudi kazini saa mbili usiku hataingia katika banda asiloweza kuona lina nani ndani, hata likiwa na benchi la mninga. Ni kwa sababu hiyo mabango ya matangazo yanahitaji msimamo. Mtangazaji huchangia gharama, naye hutaka ubao mkubwa unaoonekana. Apewe ubavu ule unaopigwa na jua, bango lake lifanye kazi ya kukinga. Asipewe ubavu wa kuume ambao abiria anautazamia gari.

Kazi ya kufanya kabla ya kikao

Panda kijiti cha mita moja ardhini mahali ambapo benchi linatarajiwa kuwa. Saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi, weka jiwe pale kivuli cha ncha kinapoishia. Saa tisa utaona kivuli cha mita moja hivi, na saa kumi kama mita moja na robo tatu. Chora mawe hayo katika karatasi pamoja na mstari wa barabara, upande unaotoka upepo na upande unaotoka mvua. Andika pia ni saa zipi watu huwa wengi, kwa kuwa kituo cha kwendea mjini hujaa asubuhi na kile cha ng'ambo hutumiwa zaidi na wanaoshuka, ambao hawakai. Huenda kibanda kimoja kizuri kikafaa kuliko viwili dhaifu.

Karatasi hiyo ipelekwe kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, na kupitia kwa mtendaji ifike katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ulizeni mapema barabara ni ya nani. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kibanda au mti utakaowekwa ndani ya hifadhi bila kibali utaondolewa, hata kama kivuli chake kilikuwa kimepimwa sawasawa.